Chungu Alichokimwaga Mama

Gari la kwenda Nyamongo limeniacha leo asubuhi kwa sababu ya harufu.

Nilikuwa nyuma ya stendi ya Mugumu, begi mgongoni, nauli mkononi, upepo ukaleta moshi wa mtu anayekaanga unga uliochachuka. Wenzangu mliokulia huku mnaijua harufu hiyo. Unga wa mahindi umelala ndani ya maji siku kadhaa, kisha unamwagwa kwenye bati lililopinda juu ya moto, na mwanamke anaugeuza kwa koleo mpaka uwe na rangi ya udongo. Baadaye unachanganywa na kimea cha ulezi, na baada ya hapo kila mtu anajua kinachofuata. Mimi sinywi pombe na sijawahi kuinywa. Lakini harufu ile ikinikuta popote, Geita, Chunya, au kwenye machimbo mapya ambayo hata jina hayajapata, miguu inasimama yenyewe, na mimi narudia umri wa kuchungulia watu wazima kutoka nyuma ya ghala. Konda aliita, akaita tena, mimi nimefumba macho nanusa. Nilipoyafumbua, stendi ilikuwa na vumbi tu.

Mkononi nilikuwa nimeshika kipande cha bomba la plastiki, kama fundi wa maji. Ndani yake mna mrija wa babu. Ni miaka mingi nawapikia wachimbaji chakula, nahama dhahabu inapohama, na kila nilikohamia nimekwenda na bomba hili. Kuna kizuizi ambapo askari walinishusha wakidhani nimebeba bunduki ya kienyeji. Wakavuta, ukatoka utete mrefu, mweusi kwa mikono ya watu, na nchani kichujio kidogo kilichosukwa kwa nyuzi ngumu. Mmoja wao alikuwa mtu wa kwetu, akacheka mpaka akavua kofia, akaniuliza kama nami ninaketi na wazee kwenye chungu. Nikamwambia mrija huu haujaingia kwenye pombe tangu nikiwa mtoto mdogo.

"Basi, mama," akasema, "na uongo nao umeuanza zamani."

Hakuwa wa kwanza kutoniamini. Ngoja niwaeleze ninyi, maana gari lingine halijaja na moyo wangu leo unaruka kama ndama aliyefunguliwa.

Nyumbani kwetu Nyamwaga mrija ulikuwa cheo. Chungu kilikaa katikati, wazee wakakizunguka kwenye vigoda vyao, na kila mmoja alikuwa na mrija wake, anaufuta mwenyewe na kuuchomeka mwenyewe darini kwenye nyasi. Wa babu ulikaa kwenye ala ya mwanzi. Sisi watoto tuliruhusiwa kuongeza maji ya moto chunguni na kuondoka, na ole wako uruke mrija wa mzee. Nilipenda kuwatazama. Walianza kwa sauti za kawaida, wakizungumza mvua na ng'ombe. Kadiri chungu kilivyoshuka, sauti zilipanda, mpaka ukasikia mtu analia kwa ajili ya dume aliyekufa kabla sijazaliwa.

Baba yangu, Marwa, alipewa mrija akiwa kijana, mapema kuliko wenzake, na hilo ndilo lililomharibu. Chungu cha babu kilikuwa cha siku maalumu. Baba alitaka kila siku iwe maalumu. Alipoanza kwenda Nyamongo kuchimba, akakuta huko chungu hakingojwi, kuna vilabu vya mchana na kuna gongo ya chupa, na wengine wanapulizia bangi juu yake. Haya yote niliambiwa nikiwa mkubwa. Nikiwa mtoto nilijua tu kwamba baba ni mtu wa furaha sana au mtu wa kulala sana.

Kisha ikaja siku ya viatu. Baba alinipakia kwenye baiskeli, akanipeleka Nyamongo kuninunulia viatu vya shule. Kabla ya viatu tulipita mahali, akaniketisha kwenye kreti nje ya mlango, akaniambia nisiondoke. Sikuondoka. Ndani watu walicheka, nje kuku walipita, jua likaanza kushuka, na baba akatoka kwa mlango mwingine, akapanda baiskeli yake na kwenda zake nyumbani. Alinisahau.

Mimi sikujua kwamba nimesahauliwa. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa kicheko mpaka leo. Nilidhani nimeletwa kutembea. Mtu mnene mwenye kofia nyeupe na aproni yenye damu alitoka kwenye bucha ya jirani, akanitazama, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwamkia, "Shikamoo," nikataja jina la baba. Akatazama mlango wa kilabu, akatazama barabara, akapumua kwa nguvu. Akamwita mkewe. Yule mtu alikuwa Mwalimu Juma, mtu wa Kigoma, mchinjaji wa soko zima, na jioni alifundisha watoto kusoma Kurani kwenye msikiti mdogo wa mabati uliokuwa nyuma ya bucha yake.

Ee, nilivyofurahi! Mke wake alinipa chai ya tangawizi na maandazi ya moto. Mabinti zake walinifumua nywele na kunisuka upya. Jua lilipozama wakatoka nje na birika, wakanawa mikono, vinywa, nyuso, miguu, kwa mstari, kama mchezo wenye sheria, na mimi nikanawa pamoja nao nikicheka kwa maji baridi. Nililala katikati yao kwenye mkeka. Nilijisemea kwamba baba ana marafiki wazuri kuliko nilivyojua.

Asubuhi baba alikuja anakimbia, baiskeli ameitupa barabarani. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alisimama mlangoni pa bucha. Mwalimu Juma alimpa birika anawe, akamketisha, akamwekea sahani ya maini na chapati, akamngoja mpaka amalize. Baba alikula machozi yakidondokea sahani, nami nikaona ni pilipili. Tulipotaka kuondoka ndipo yule mchinjaji alipofungua mdomo.

"Marwa, pombe ni haramu, na bangi ni ndugu yake, chochote kinachofunika akili ya mtu ni kimoja. Sikufichi. Lakini sikuombi leo uache kila kitu. Nakuomba uje mchana tuswali pamoja adhuhuri. Moja tu. Ila uje unajua unachosema."

Nyumbani nilimsimulia mama kila kitu kwa furaha, maandazi, nywele, birika, mkeka. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ametembea usiku kucha akiniita mashambani, miguu yake ilikuwa imechanwa na miiba, na mimi nilidhani alikuwa anapalilia. Akanikumbatia kwa muda mrefu. Kisha akamfunga mdogo wangu mgongoni, akachukua kanga zake, akashika njia ya kwao, hapa hapa Mugumu. Mimi mtoto wa boma sikuruhusiwa kwenda naye. Nilimpungia mkono. Nilidhani na yeye sasa ni zamu yake ya kutembea.

Alikawia kurudi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kuna kutembea na kuna kuondoka.

Baba alikwenda kwenye ile adhuhuri moja. Ili afike anajua anachosema, ilibidi asubuhi asiguse kitu. Baada ya majuma kadhaa Mwalimu Juma akamwongezea alasiri, na ile saa ya mchana, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kilabu, ikabanwa kati ya swala mbili. Ikaja magharibi, ikaja isha, ikaja alfajiri. Niliiona kama babu anavyojenga zizi. Hasimamishi ukuta kwa siku moja. Anachimbia nguzo moja hapa, nyingine pale, na ng'ombe bado anapita katikati, mpaka siku moja anakuja na kukuta hakuna pa kupita. Mwalimu Juma alimweleza baba kwamba hata wale Waislamu wa mwanzo hawakukatazwa kwa siku moja. Kwanza waliambiwa madhara yake ni makubwa kuliko faida. Kisha wakaambiwa wasikaribie swala wakiwa wamelewa. Mwisho wakaambiwa iacheni kabisa, na watu wakaimwaga mpaka njia za mji zikalowa.

Siku aliyosilimu akarudi na jina la Idrisa. Babu, mzee Chacha, mwenye boma, alilisikia akitafuna muhogo.

"Mura, kijana wangu," akamuuliza, "jina nililokupa lilikukosea nini?"

Baba akasema halikumkosea, ila yeye ndiye aliyelikosea. Babu akatafuna mpaka mwisho, akasema kama jina jipya litamrudisha mke wa boma, yeye hana ugomvi nalo.

Likamrudisha. Mama alikuja na kaka zake, akakaa mbele ya babu, akaweka sharti moja, na mimi nilikuwa nyuma ya ghala nasikia. "Siku nitakayomwona na mrija mdomoni, baba, sitauliza kilichomo ndani. Nitafunga kanga zangu." Watu wazima wote walielewa anasema nini. Mimi nilielewa maneno kama yalivyotoka. Mrija. Mrija ndio unaomfukuza mama. Kuanzia siku hiyo niliiangalia mirija ya darini kama watu wanavyomwangalia nyoka wa kwenye nyasi, hata kulala chini ya paa lile niliogopa.

Maisha yakawa matamu namna ambayo mtoto hajui kuisema. Baba akawa mchinjaji wa kijiji, maana watu wote walitaka nyama ya shughuli ichinjwe na Mwislamu ili asiwepo wa kukataa kula. Alikuwa anaamka kabla ya majogoo. Mwezi wa kufunga alikuwa anakaa nje na tende kiganjani akingoja jua lizame, na mimi nikilihimiza lile jua kwa sauti. Mama aliendelea na kanisa lake, alikwenda asubuhi na kitabu chake kwapani, na hakuna aliyemuuliza. Vyungu vya bibi vya kupikia pombe vilikaa vimeinamishwa, buibui wakahamia.

Kisha shangazi Robhi akachumbiwa.

Lo, boma lilivyochangamka! Robhi alikuwa mdogo wa mwisho wa baba, mrefu, anacheka kwa meno yote, na ndiye aliyenifundisha kusaga ulezi kwenye jiwe. Mchumba alitoka ng'ambo ya mto Mara, upande wa Serengeti. Ng'ombe wangeletwa kwa miguu. Tulipaka kuta udongo mpya, tulifagia mpaka vijiti vya fagio vikaisha. Sikuweza kulala kwa kuwaza ng'ombe wageni wataingia wakiwa na rangi gani.

Lakini kwa ukoo wetu ng'ombe hawatoshi. Wakishaingia zizini, kaka mkubwa wa bibi harusi na baba wa bwana harusi wanaketi uso kwa uso kwenye chungu kimoja, kila mmoja na mrija, wanavuta kwa pamoja mbele ya watu. Yule kaka ndiye anakuwa mlango wa dada yake. Akipigwa huko, akifukuzwa, akiumwa, anarudi kwa aliyevuta. Asipovuta mtu, msichana amekwenda bila mlango wa kurudia. Na kaka mkubwa alikuwa baba.

Babu alimwambia hivyo waziwazi. Mvuto mmoja tu, kwa ajili ya Robhi, halafu arudi kwenye swala zake. Robhi akaacha kucheka, akawa anasaga ulezi ambao hakuna aliyemwomba ausage. Mama naye nilimwona anakunja kanga zake na kuzipanga upya. Kumbe mrija ule umetoka darini unatufuata.

Baba aliniambia twende Nyamongo kwa Mwalimu Juma, tukaenda kwa baiskeli ile ile. Njiani hakuimba kama kawaida yake. Tulipofika, jasho linamtiririka, mke wa mwalimu akatuletea soda mbili kutoka dukani, na kwa heshima akaweka mrija kwenye kila chupa. Mirija ya plastiki, myembamba, yenye mistari myekundu. Sikuwahi kuona mrija mdogo hivyo. Nikafikiri ndio mtoto wa ule wa babu. Baba, na mawazo yake, akauweka mdomoni.

Niliruka. Nilipiga ile chupa kwa mikono miwili ikaenda ukutani, soda ikatapakaa kwenye kanzu ya mwalimu, na mimi nikaanza kupiga kelele kwamba mama anaondoka, mama anaondoka, ameshika mrija, mama haulizi kilichomo. Ilichukua muda mrefu kunituliza na muda mrefu zaidi kunielewa. Baba aliponielewa, akafunika uso. Mwalimu Juma alicheka mpaka akashikilia nguzo ya baraza, kisha akanipakata.

"Mwanangu, mrija hauna kosa," akasema. "Mrija ni njia. Kosa liko kwenye kinachopita."

Baba akaondoa mikono usoni. Nilimwona anamtazama mwalimu, na mwalimu anamtazama yeye, kama watu wawili waliosikia mlio mmoja. Baba akauliza taratibu: je, kimea cha ulezi kikitiwa kwenye uji uliopoa, kabla hakijachachuka, kikiwa kitamu tu? Mwalimu akasema hicho ni chakula, hata Mtume alilowekewa tende kwenye maji akanywa ule utamu wake, ila ukikawia mpaka ubadilike ulimwagwa. Akamwonya mambo mawili. La kwanza, asikae kwenye duara ambalo pombe inazunguka, hata kama yeye kashika maji, maana mtu aliyetoka shimoni hachezi ukingoni. La pili, utamu ule una saa zake. Ukianza kutoa povu, usijidanganye kwamba ni kidogo. Kinacholevya kikiwa kingi, kidogo chake nacho ni haramu.

Tulirudi baba anaimba.

Babu alipoelezwa, alimtazama baba kama mtu aliyeletewa paka aolewe. "Uji," akasema. "Nimpe mkwe wangu uji, kama mwanamke aliyejifungua?" Wazee wenzake wakacheka sana. Mmoja akapendekeza bwana harusi aletewe na nepi. Baba aliwaacha wamalize. Alipiga magoti mbele ya babu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Tata, ukiniwekea ile ya pombe nitavuta, kwa sababu ni wewe umesema. Na kesho yake utanitafuta Nyamongo. Robhi akirudi siku moja analia, atakuta mlango ambao haujui umeacha mtoto wa nani juu ya kreti."

Wale wazee wakakumbuka wana mambo ya kukohoa. Babu akainuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na ala yake ya mwanzi, akaiweka mkononi mwa mama badala ya kumpa baba.

"Uchemshie maji," akamwambia. "Mpaka harufu yangu itoke."

Mama aliuchemshia, akaupuliza, akauanika juani, akauchemshia tena. Na siku ya shughuli ndiye aliyepika kile chungu. Alikoroga uji mwembamba wa mtama, akaungoja upoe mpaka kidole kivumilie, akatia kimea alichokisaga Robhi, akafunika. Baada ya saa chache akanionjesha. Mpaka leo sijaonja utamu kama ule, sijui niufananishe na nini, ni kama miwa iliyopikwa na mkate. Tulikaa tunawangoja wageni tukiwa tumejipaka mafuta mpaka magotini.

Wageni hawakuja. Mvua ilikuwa imenyesha juu, mto ukajaa, na ng'ombe wakakataa kuvuka. Walifika kesho yake jua likiwa tayari kali, wamelowa, wamechoka, wanaimba hata hivyo, na ng'ombe wakaingia, wekundu na weusi na mmoja mwenye uso mweupe ambaye nilimpenda hapo hapo. Vigelegele, vumbi, mbwa, kila kitu kwa pamoja. Baba wa bwana harusi, mzee Magige, mtu wa kifua kipana na fimbo nzito, aliketishwa mbele ya chungu, mrija wake tayari. Baba akaketi mkabala naye.

Kwa kawaida yetu aliyepika ndiye anaonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Mama alipiga goti, akafunua chungu, akachomeka mrija wa babu, akavuta.

Akabaki hivyo, kinywa kimejaa, hamezi. Nilikuwa karibu nikaona kile alichokuwa anakitazama. Pembezoni mwa chungu palikuwa na vipovu vidogo, kama mate ya mtoto. Akageuka akatema.

"Kimeamka," akasema.

Babu akainama, akanusa, akasema ni kidogo tu, hata hakijapiga chafya. Mzee Magige akacheka kwamba kitu hicho anaweza kupewa ndama. Baba alikuwa amenyoosha mkono kupokea mrija, na mkono ule ukabaki hewani. Watu wote walimtazama. Angeweza kuvuta. Hakuna ambaye angemlaumu, na nadhani hata yeye mwenyewe angejipatia maneno ya kujisamehe. Nilimwona anameza mate, na nikajua, kwa akili yangu ndogo, kwamba shingo ile inakumbuka.

Mama alikikumbatia chungu, akainuka nacho, akakiinamisha kwenye vumbi mbele ya wageni wote. Ule utamu wa jana ukachora mto mwekundu mpaka kwenye viatu vya mzee Magige.

Kuku tu ndio waliosogea. Mzee Magige alisimama, fimbo mkononi, na vijana wake wakasimama pia, mmoja akageuka kuliangalia lango la zizi. "Nimevuka mto na ng'ombe," akasema taratibu, "nije nimwagiwe miguuni?"

Mama alipiga magoti yote mawili kwenye tope lile. Akamwamkia upya, kama ndio kwanza amefika, akamwambia kuni zipo, maji yapo, kimea kipo, na mume wake yupo kwa sababu hajavuta kile. "Ukitaka mlango mzima, baba, utanivumilia aibu yangu mpaka jioni."

Na kabla hajajibu tukasikia jiwe. Grr, grr, grr. Bibi harusi, ambaye hakutakiwa kuonekana kabisa mpaka aitwe, alikuwa ametoka na mapambo yake yote, amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anasaga kimea cha harusi yake mwenyewe, shanga zinamrukaruka kifuani. Mzee Magige alimtazama. Akaangalia viatu vyake. Kisha akacheka, kicheko kikubwa kilichowasimamisha ng'ombe masikio.

"Leteni kigoda," akasema. "Huyu anayesaga hivi hatuwezi kumwacha kwa sababu ya tope."

Basi wakasubiri. Pombe ya wageni iliyopikwa kwa jirani haikuweza kutolewa kabla ya mvuto wa mlango, kwa hiyo wazee wa pande mbili walikaa mchana mzima wakavu, na sijawahi kuona wazee wakizungumza hivyo. Walitajana ng'ombe kwa majina ya mama zao. Alasiri ilipofika baba aliomba radhi, akaenda pembeni ya ghala, akatandaza mkeka. Mzee Magige alimtazama anainama, anasujudu, anakawia.

"Mwanao amepoteza nini pale chini?" akamuuliza babu.

"Alipoteza," babu akajibu. "Ameshapata."

Jua lilipolala juu ya migomba, chungu kikafunuliwa tena. Mama akavuta, akameza. Akafuta ncha ya mrija kwa pindo la kanga yake, akaenda alipoketi baba, na kwa mkono wake mwenyewe akauweka mdomoni mwake. Baba na mzee Magige wakavuta pamoja, na vigelegele vikapasua masikio.

Mimi sikupiga kigelegele. Nilikuwa nimeshika kanga ya mama kwa mikono miwili na meno, nimeizungusha kwenye ngumi zangu, kwa sababu nilikuwa nimemwona baba na mrija mdomoni, na mama alikuwa amesema hataulizia kilichomo. Akaniinamia, harufu ya kimea na moshi imemjaa.

"Niende wapi, Bhoke," akaninong'oneza, "na chungu nimepika mwenyewe?"

Pombe ilipotolewa, baba aliinuka kwenye duara, akaja kukaa na sisi jikoni, akanywa chai. Amekunywa chai kwenye harusi zote tangu siku hiyo. Robhi ana wajukuu sasa, na mara moja tu alirudi kupitia ule mlango, akaukuta uko wima.

Babu alinipa mrija kabla hajafa, akasema mimi ndiye mlinzi wake mkali kuliko wote, akacheka peke yake. Leo jioni binti wa mdogo wangu anaolewa pale pale Nyamwaga, na familia ya bwana harusi, watu wa pombe hasa, wameomba wenyewe chungu kitamu, kama wanavyoomba wengi siku hizi kwenye kata yetu. Bibi harusi hana kaka mkubwa, kwa hiyo baba ndiye atavuta. Macho yake yamefifia lakini sauti haijafifia. Amenipigia simu sasa hivi, mara ya ngapi sijui, kuniuliza mrija uko wapi. Nimemwambia uko Mugumu, umeachwa na gari. Nyuma yake nimemsikia mama, na miaka yake yote, anauliza kama nimefika ili ajue atie kimea saa ngapi.

Nimeita bodaboda. Kijana amelitazama bomba langu, ameniuliza kama ninakwenda kufunga maji.

"Ninakwenda kufunga mlango," nimemwambia. "Endesha, mwanangu, kabla hakijaamka."